Nyimbo Safi za Jumapili

Zulfa, mwanangu wa mwisho,

Naandika haya ukiwa Gihundwe kwa mama yako mdogo Faida. Wanakupaka hina, na kwa jinsi ninavyowajua wale wanawake na mdomo wao, hamtarudi kabla ya magharibi. Nyumba iko tupu na cherehani nimeifunika. Kesho asubuhi ni gari la Kigali, halafu ndege, halafu Ubelgiji kwa mume wako. Mambo ya koti la baridi, ya kutunza pasipoti, ya namna ya kukaa na mama mkwe, umeshaambiwa na kila mtu mpaka umechoka. Jana nilikuona unamwitikia Faida "ndiyo, Maman, ndiyo, Maman" huku umefumba macho. Huko mimi sina la kuongeza. Nataka kukuandikia habari ya nyimbo, na habari ya kile kitu kimoja ulichoniomba.

Nianze na nyimbo, ndizo nyepesi.

Zote sasa ziko kwenye simu yako. Tulipokaa kibarazani ile siku, mimi naimba kwa pua, wewe unatafuta kwenye simu, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Uliniambia, "Papa, hiyo haiko wimbo, hiyo iko mbuzi." Lakini ukaupata huo wimbo wa mbuzi! Ukazipata moja baada ya nyingine, rokenroli zangu zote za ujana, pamoja na majina yake ya Kiingereza ambayo sikuwahi kuyajua. Mimi nilizipa majina yangu, na nitayaandika hapa ili ukizisikiliza huko ujue baba yako alikuwa anasikia nini.

Ya kwanza ni Suruali. Nilikuwa kijana, uhuru wenyewe bado mpya, navuka daraja la Rusizi kwa miguu kwenda kujifunza ushonaji Bukavu, upande wa Kongo. Fundi wangu alikuwa na duka jembamba kama korido, na ukuta kwa ukuta na sisi alikaa mpiga picha mwenye gramafoni. Alikuwa anapiga sahani za rokenroli ili wateja wasinune mbele ya kamera. Vijana wa mji walipitia kwanza kwetu kushonewa zile suruali za miguu ya tembo, pana chini, juu zinabana hadi mtu hapumui vizuri. Siku moja kijana mmoja akaivaa yake palepale, mpiga picha akaweka huo wimbo, kijana akaanza kucheza twisti. Akashuka, akashuka, lo! Mshono wa nyuma ukapasuka wote. Fundi wangu akatoka na sindano, akamshonea amesimama vilevile, wimbo unaendelea na watu wamejishika matumbo. Mpaka leo nikiusikia nacheka kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Ya pili ni Piano ya Hasira, na hiyo haihitaji maelezo, utaisikia mwenyewe. Ya tatu niliiita Yatima. Miaka yote niliamini yule bwana anamlilia mama yake aliyekufa, na kuna siku nilitokwa na machozi kwa ajili yake hapa dukani, mteja amesimama na kitenge chake ananiangalia. Wewe ukasikiliza kidogo, ukanigeukia: "Papa, anaimba gari yake." Gari! Basi liache jina libaki Yatima, mimi nimeshazeeka nalo.

Ya nne ni ile ya polepole, ya wale wanaume wanaoimba "uuu" nyuma kama wanapoza chai. Uliniuliza kama ndiyo aliyoipenda mama yako. Nilikuambia ndiyo. Nilikudanganya, Zulfa. Sijui mama yako alipenda upi. Tuliishi pamoja miaka mingi, kila Jumapili nyimbo hizi zinapigwa ndani ya nyumba yake, na sikuwahi kumuuliza.

Sasa naingia kwenye lile jambo.

Nilipomuoa Mwamini, mama yako, nikafungua duka hapa Kamembe, sikuwa na gramafoni wala sahani. Nilikuwa na redio, na nilikuwa na kinasa-kaseti kidogo. Redio moja ya ng'ambo ilikuwa na saa yake ya miziki ya zamani, Jumapili alasiri, na mimi nilitaka kila wimbo ubaki mikononi mwangu. Lakini vile vyombo viwili havikuwa na waya wa kuviunganisha. Kwa hiyo niliviweka mezani vinatazamana, nikavifunika blanketi, na kinasa kikawa kinachukua sauti hewani. Shida yake ni kwamba kilichukua kila kitu. Kuku, mtoto, adhana, jirani anayetwanga majani ya sombe, vyote viliingia ndani ya wimbo na havikutoka tena.

Mimi nina kichwa kigumu, unanijua. Nikaweka sheria. Mkono wangu ukiinuka, nyumba nzima kimya. Ukishuka, mnaweza kuongea. Kuku wanafukuzwa nyuma ya nyumba, madirisha yanafungwa, na mama yako kama anakaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, anaepua kikaango, anakaa nacho magotini kwenye kitambaa mpaka wimbo uishe. Kaka yako Idi alijifunza kutembea kwa ncha za vidole kabla hajajua kutembea sawasawa. Mtu akipiga chafya nilikuwa nachukia siku nzima. Nachukia kweli, chakula nasukuma pembeni, kwa sababu ya chafya! Watu wa mtaa walinitania, "Jumapili kwa huyu fundi kuna matanga." Nilikuwa nacheka nao, na moyoni naona fahari. Nilijiona muntu wa maana, mtu mwenye nyumba inayomtii.

Kisha ukaja ule mwaka wa mauaji, ambao redio zenyewe zilianza kusema maneno ambayo sitayaandika kwenye barua ya bibi harusi. Nilitoa betri nikazitupa chooni. Tukavuka daraja na nguo za mwilini tu, mama yako, Idi na mimi. Tuliporudi, nyumba haina mlango, na kaseti zangu mtu alikuwa amezipasua, utepe wake amefungia mizigo ya kuni. Niliukuta umezagaa uani, mweusi, unang'aa jua likiupiga. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Wakati ule watu walikuwa wanatafuta watu wao. Kila asubuhi unamkuta muntu barabarani anauliza, umemuona fulani? Mama yako alikuwa anawatafuta kaka zake, alikwenda mpaka Nkanka kando ya ziwa kuulizia, akarudi bila jibu, akakaa chini. Mimi nilikuwa natafuta nyimbo. Nilikwenda Bukavu nikanunua radiokaseti, hii kubwa unayoijua, redio na kinasa ndani ya sanduku moja, nikaanza upya kuzikamata zote zilizopotea. Nilijiambia nikizipata zote nitatulia. Kila Jumapili mkono juu. Nyumba ile iliyokuwa na msiba, ambayo ingelia, ingepiga kelele mpaka bati lipasuke, mimi naiambia kimya.

Ndipo wewe ukazaliwa, na ulikuwa na mapafu, astaghfirullah! Mama yako alipoona Jumapili alasiri inakaribia, alikufunga mgongoni, akatoka nawe mpaka kwenye migomba ya jirani usije ukanilia katikati ya Yatima. Jirani yule alikuja kuniambia baadaye sana kwamba huko mama yako alikuwa anakuimbia, na anaongea nawe, anakusimulia mambo, anacheka peke yake. Saa nzima. Mimi nilikuwa mezani naangalia utepe unazunguka.

Alipofariki ulikuwa hujafika hata umri wa kuanza shule. Nimekwisha kukueleza ugonjwa wake, sirudii.

Basi, uliponiuliza ile siku kibarazani, baada ya kicheko chote, uliongea kwa sauti ndogo mpaka nikadhani sijasikia. "Papa, sitaki zawadi ingine. Ninaomba sauti ya Maman. Mu zile kaseti zako zote, hata fasi moja hakuingia? Hata kusema 'karibu chakula' tu?" Ukasema sura yake unayo kwenye picha lakini picha haisemi, na kwamba unaogopa kuzaa huko mbali batoto watakaokuuliza bibi yao aliongea namna gani, nawe huna la kuwajibu.

Nikakuambia nitaipata. Nilikuwa na uhakika, wallahi. Kaseti sanduku zima, miaka yote ile ya Jumapili, mwanamke anaishi ndani ya nyumba hiyohiyo, itakosekanaje hata kikohozi?

Toka siku hiyo, kila ulipotoka nilikuwa nasikiliza. Ndiyo sababu ya zile suruali za wateja kuchelewa, usidhani nilikuwa mgonjwa. Nilisikiliza masikio yamebanwa kwenye spika, mwanzo mpaka mwisho, upande wa kwanza na wa pili. Nyimbo safi. Safi kabisa, Zulfa, utadhani zilinaswa kaburini. Hakuna kuku, hakuna mvua juu ya bati, hakuna adhana, hakuna mtu. Nilianza kuwa na hasira na mimi mwenyewe, nikijisema, kumbe niliwanyamazisha vizuri hivyo?

Nikachukua radiokaseti nikaibeba haraka mpaka kwa fundi wa redio karibu na soko, yule kijana mnene. Nilidhani labda kichwa cha mashini, kile kinachosoma utepe, kimechoka, kikisafishwa kitatoa sauti ndogo zilizojificha. Nikamweleza ninachotafuta. Akaniangalia, akafuta mikono.

"Mzee, hii mashini haisikiake bantu ba mu nyumba."

"Namna gani haisikii? Inanasa."

"Inanasa, ndiyo. Lakini redio na kaseti biko pamoja mule ndani, wimbo unapita mu waya. Hata mungepigana humo, hata nyumba ingeanguka, haingeingia kitu. Ni mpaka ubonyeze hapa." Akanionyesha kitufe, na pembeni yake tundu dogo kama la sindano. "Hapa ndiyo inasikia muntu akiongea."

Kile kitufe hatukuwahi kukibonyeza. Ndicho kitufe pekee kwenye lile sanduku ambacho rangi yake bado mpya.

Nilikaa kwenye benchi lake. Akaniletea maji. Yule kinasa wa kwanza, mwenye masikio, kaseti zake zilikwenda kufungia kuni, na mama yako ndani yake kama aliwahi kukohoa. Huyu wa pili hakuwa na masikio. Ule ukimya wote tangu turudi, kikaango magotini, mtoto kwenye migomba, ulikuwa wa bure. Hakuna aliyeuhitaji. Nilinyanyua mkono wangu mbele ya mashini isiyojua kama kuna watu duniani.

Nilitaka kukuficha hili. Ningekuambia kaseti zimeharibika kwa unyevu, nawe ungeamini. Lakini Faida alipokuja kuchukua vitambaa vyako, nikamsimulia yale ya fundi, nikitegemea aseme pole. Hakusema pole. Alikuwa anakunja vitambaa, akaendelea kukunja.

"Shemeji, dada alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba ile radiokaseti haisikie. Siku moja mteja alikuita kwa duka, weye umeacha inanasa, yeye akaimba na redio, na akisikiliza kaseti hayumo. Alicheka sana siku hiyo. Akanionyesha."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kwa nini alikaa miaka yote anaepua vikaango na kutoka na mtoto juani.

"Nilimuuliza vile vile," Faida akasema. "Akanijibu, 'Nimwambie saa gani? Mkono ukiwa juu siongei. Ukishuka, anabeba kofia yake anaenda.'"

Akachukua vitambaa vyake akatoka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliongea kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Tangu hapo nimekuwa najaribu kukumbuka kama ni kweli, na ni kweli. Kipindi kikiisha nilikuwa nazima, naandika jina la wimbo kwenye kaseti, navaa kofia, naenda kwa wenzangu kusimulia nimenasa nini. Na kaka yako Idi anapiga simu sikukuu za Idi tu, tunaulizana afya, afya njema, haya basi. Nilikuwa namlaumu. Nilisema mtoto amekuwa wa ovyo huko Lusaka. Sasa najua alipojifunzia.

Kwa hiyo, mwanangu, nyimbo hizi nakupa, lakini sikudanganyi juu yake. Ni nzuri. Suruali itakuchekesha, Piano ya Hasira weka unapofua nguo, kazi itakwenda. Ila yote niliyokuwa nayalinda humo sasa mtoto yeyote anayapata kwenye simu kabla chai haijapoa, na yanasikika vizuri kuliko ya kwangu. Nilimaliza miaka yangu nalinda kitu ambacho kilikuwa hakipotei. Ningekuwa na akili ningeacha redio iimbe peke yake huko, nikabonyeza kile kitufe, nikamwambia mama yako, haya, sema, sema chochote, nitukane hata. Angekuwa na mengi.

Wanasema barua ya mzazi iwe na funzo. Sijui kama nina funzo. Mume wako naona ni kijana mpole, na nyumba yako itakuwa na televisheni na simu na nini. Akikunyamazisha mara moja kwa ajili ya mpira, si kitu, kila mwanaume hufanya hivyo. Akizoea, pigeni kelele, wewe na batoto wako, mvunje na sahani ikibidi. Usiwe na adabu kama mama yako. Ile adabu yake watu waliisifu mpaka kwenye mazishi, nami nilisimama pale naitikia. Leo ningempa yote niliyonayo anipigie kelele moja tu.

Nimejaribu pia njia nyingine. Nilisema, kama mashini haina, kichwa changu kinayo. Nitamweleza Zulfa kwa maneno, nitamwambia ilikuwa nzito au nyembamba, ilikuwa inapanda au inashuka. Asubuhi nilifunga macho. Uso wake uko. Mikono yake iko, na kile kidole kilichoungua mafuta kiko. Namuona anafungua mdomo. Nakumbuka maneno yake, naweza kukuandikia hata sasa: "Fundi, maji ya kuoga yako tayari." "Fundi, Zulfa ameota jino." Alikuwa ananiita Fundi, wewe hukujua hilo, nalo chukua. Lakini ninapoyasikia kichwani yanasomwa na sauti yangu mimi. Yake haiko. Sina, Zulfa. Hata mimi sina, na sijui iliniondoka lini, kwa sababu sikuwa naiangalia.

Sukari imenifika miguuni, daktari ameshasema yake, na tiketi ya kutoka huko si nauli ya kwenda Bukavu. Sitegemei kukuona tena. Nimeandika hivyo moja kwa moja kwa sababu wote hapa wanaongea habari za "utakapokuja likizo" na wewe unaitikia kwa heshima. Kesho kwenye gari nitasema hivyohivyo kama wao, tusiwaharibie watu siku yao.

Utarudi jioni hii na hina yako, utanitazama usoni, na hutauliza. Umelelewa humu, hujui kuuliza mara mbili. Nitakuwekea barua hii kwenye mkoba chini ya pasipoti, uisome ukishakuwa hewani, usiweze kurudi kunifariji. Mimi sistahili, na ukiisoma hapa utachelewa ndege.

Naomba kimoja. Ukifika, nipigie. Nitapokea, nitasema haloo, nitauliza afya, halafu nitanyamaza, maana huko mbele sijui njia na nimezeeka kujifunza. Usikate. Usidhani nimechoka wala salio limeisha. Endelea kuongea. Niambie basi limechelewa, niambie nyanya za huko hazina ladha, mgombane na mumeo mimi nikisikia, mtoto alie kwenye sikio langu. Faida anasema ukiongea haraka sauti yako inafanana na ya dada yake. Mimi siwezi kujua kama ni kweli. Nitasikiliza hivyo hivyo.

Baba yako,
Fundi